Mwaka Zuhura Alipofungua Mdomo

Simu ya msiba ilinikuta shambani Kipalapala, nikipalilia karanga. Aliyepiga alijitambulisha kuwa mpwa wa Bi Tausi, akasema shangazi yake amefariki alfajiri na atazikwa baada ya swala ya adhuhuri. Kabla ya kukata roho, mpwa alisema, shangazi aliacha majina ya watu wachache wa kupigiwa simu, na mojawapo ni langu. Nilioga haraka, nikajifunga kanga, nikapanda bodaboda hadi Ipuli. Sikuwa nimekanyaga nyumba ile kwa miaka mingi, maana kazi ilinizungusha wilaya baada ya wilaya. Uani wanawake walikuwa wamejaa kwenye mikeka, wengine wakichambua mchele, na nikapenya hadi nikapata nafasi karibu na ukuta. Mwanamke mmoja mfupi, mwenye uso wa duara na macho yaliyopanda kidogo pembeni, akaja na kikombe cha chai akikishika kwa mikono miwili ili kisimwagike. Alinitazama machoni, kisha macho yake yakashuka hadi mdomoni mwangu na kubaki hapo. Nikajua ni Zuhura, binti yake Bi Tausi. Nilimwacha akiwa na miaka tisa, sasa ana thelathini na zaidi, na ana mvi mbili tatu zinazochungulia kwenye kilemba. Aliketi kando yangu, akaniegemea bega, na tukakaa hivyo hadi wanaume walipoondoka na jeneza. Katika muda huo wote nilikuwa nawaza mwaka mmoja tu, mwaka wangu wa kwanza kazini.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimetoka chuoni na cheti cha utabibu wa meno, nikapangiwa kliniki ndogo nyuma ya zahanati moja ya mjini Tabora. Kilikuwa chumba kimoja chenye kiti kimoja cha kupandisha kwa mguu, beseni la enameli, na dirisha lililotazama barabara ambako wauza karanga waliketi kutwa. Chumba kizima kilinuka mafuta ya karafuu. Hadi leo nikinusa karafuu kwenye pilau naona lile beseni kabla sijaona chakula. Mkuu wangu alikuwa Tabibu Mihayo, Mnyamwezi mpole wa maneno machache, mwenye mkono mwepesi kuliko wote niliofanya nao kazi baadaye. Aliweza kung'oa gego la mkulima huku akimuuliza habari za tumbaku, na mkulima akajikuta anajibu huku jino limeshaingia kwenye beseni. Nilimwona kama mtu asiyeshindwa na mdomo wowote.

Bi Tausi aliingia asubuhi moja akiwa amembeba Zuhura mgongoni, ingawa mtoto alikuwa na miaka tisa na miguu yake ilikaribia kugusa chini. Shavu la kushoto lilikuwa limevimba na kung'aa. Mama alieleza kwa haraka, kama mtu aliyekwisha kueleza mara nyingi na kuchoka: wiki tatu mtoto hali vizuri, anajipiga kichwa upande ule, na mwanzoni yeye alidhani ni sikio akawa anamtia dawa ya matone. Alishakwenda sehemu mbili. Ya kwanza aliambiwa hayo ni meno ya utoto, yatatoka yenyewe. Ya pili aliambiwa amrudishe akitulia. "Nikawauliza atatulia lini," alisema, "na wao wakanitazama kana kwamba mimi ndiye nijuaye." Tabibu Mihayo akamkalisha mtoto kwenye kiti. Zuhura alipoona kioo kidogo cha chuma kinamsogelea alipiga ukelele ambao sijawahi kusikia mfano wake, akarusha mikono, akapiga teke trei. Tabibu akasema kwa sauti yake ileile ya upole, "Mshikeni." Mhudumu akashika miguu, mama akashika mikono, na mimi nikashika kichwa. Nilikishika kwa nguvu. Nakumbuka nywele zake laini zikiteleza kwenye viganja vyangu, na joto la shavu lile. Kisha nikamtia kidole mdomoni ili ufunguke, naye akaning'ata hadi damu ikatoka.

"Mwacheni," alisema Bi Tausi. Hakupaza sauti. Aliachia mikono ya mwanawe kwanza, kisha akatutazama mmoja mmoja hadi nasi tukaachia. Alimfunga mgongoni kwa kanga, akapokea vidonge vya kupunguza maambukizi na maumivu bila kuvitazama, akatoka. Kwenye benchi la nje mwanamke mmoja aliyekuwa akingoja zamu alimwambia jirani yake, "Na huyu naye, meno ya kumfanyia nini? Si atasagiwa chakula tu." Nilisikia, na najua Bi Tausi alisikia, kwa sababu alisimama kidogo kuweka sawa fundo la kanga ambalo halikuwa limelegea.

Siku ile nilijifunga bendeji na kumuuliza Tabibu Mihayo maswali mengi mno. Kwa nini mtoto wa miaka tisa ana meno ya utoto karibu yote? Kwa nini ulimi wake unajaa mdomo? Kwa nini fizi zinavuja damu hata pale ambapo meno hayajaoza? Chuoni hali aliyozaliwa nayo Zuhura, sindromu ya Down, tulifundishwa kwa aya moja tu, na aya hiyo haikusema habari ya mdomo. Mtaani waliwaita wote kwa jina moja, watoto wa mtindio wa ubongo, na hapo ndipo maarifa ya wengi yalipoishia. Tabibu alikuwa anaosha koleo. "Hao tangu zamani tunawashika," alisema. "Mimi sikufundishwa njia nyingine. Kama wewe unaijua, sawa. Kama huijui, nenda kaitafute, ukiipata uje unionyeshe na mimi." Nilidhani ananikejeli. Baadaye nilielewa kwamba alisema alichomaanisha.

Nilikuwa nimepanga chumba Ipuli, na kwa kuuliza nikagundua kwamba Bi Tausi anakaa mitaa mitatu kutoka kwangu. Jumapili baada ya ibada nilikwenda kwao. Mumewe, Sudi, alikuwa fundi seremala, karakana yake ikiwa chini ya bati mbele ya nyumba. Aliniitikia salamu, akanielekeza uani bila kuacha kupiga randa. Bi Tausi alikuwa amepika michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, akavichanganya na karanga za kutwanga. Nikamwambia nimekuja kuomba radhi kwa kumshika mtoto wake kichwa. Aliendelea kukoroga. "Umekuja kuomba radhi tu, au unataka kitu kingine?" aliuliza. Nikasema nataka pia kujua anavyokula. Hapo akanitazama vizuri, akasogeza kigoda kwa mguu. "Basi kaa umtazame."

Nilimtazama kwa mwezi mzima kabla sijamgusa. Nilikwenda karibu kila jioni baada ya kazi, nikala nao, na sijui kama nimewahi kujifunza kitu kwa furaha kama nilivyojifunza pale mkekani. Zuhura alitafunia upande wa kulia tu. Mkate aliuchovya kwenye chai hadi ukayeyuka. Uji aliunywa kwa kunyonya, na mwingine ukabaki kati ya shavu na fizi kwa muda mrefu. Alipumua kwa mdomo, ulimi ukawa mkavu. Akikaa bila kazi alisaga meno, na sauti yake ilifika hadi karakana. Mama mkwe, aliyekuwa ameshafariki nilipowafahamu, alimzoesha kitambaa kilichochovywa kwenye asali ili alale, asali nzuri ya porini inayoletwa kutoka Sikonge, na Bi Tausi aliendelea na desturi ile kwa miaka kwa sababu ndiyo iliyomtuliza. "Hakuna aliyeniambia," alisema nilipomweleza kwamba asali ya usiku huozesha meno. Alikuwa na maneno hayo mara nyingi, na hayakuwa malalamiko. Aliyasema kama mtu anayehesabu vitu alivyopita bila kuviona.

Kumbe na Zuhura alikuwa ananichunguza. Jioni moja alipiga magoti mbele yangu, akaweka vidole vyake vifupi kwenye midomo yangu, akaifungua. Nikaacha. Aliingiza kidole, akagusa mwanya wangu wa mbele, akacheka, akaanza kuhesabu: moja, mbili, tano, tano, kumi. Bi Tausi alitaka kumkemea, nikampungia mkono amwache. Kesho yake nilikuja na kioo changu kidogo cha kazini nikampa achungulie mwenyewe. Alikitazama kile chuma kwa mashaka, akarudi nyuma hadi ukutani, na ilichukua siku nne kabla hajakishika. Alipokishika, alichungulia mdomo wangu, kisha wa mama yake, kisha wa mbuzi wa jirani. Wake mwenyewe hakutaka.

Wakati huo vidonge vilikuwa vimepunguza uvimbe, lakini nilijua utarudi, kwa hiyo nilimwandikia barua mwalimu wangu wa chuo nikamwaga maswali yangu yote. Jibu lilikuja baada ya wiki kadhaa, kurasa mbili za mwandiko mdogo. Aliandika kwamba watoto hawa meno yao huchelewa kuota, mengine hayaoti kabisa, mengine huwa madogo yenye ncha. Kwamba adui wao mkubwa ni fizi. Kwamba kuwapiga mswaki ni kazi ya mzazi kwa miaka mingi kuliko watoto wengine. Na mwishoni, kama jambo dogo alilolikumbuka wakati wa kufunga bahasha, aliandika kuwa wengi wao huzaliwa na kasoro ya moyo, hivyo nisithubutu kung'oa jino kabla moyo haujasikilizwa, kwa sababu uchafu wa jino bovu unaweza kuingia kwenye damu na kukaa moyoni. Nilisoma mstari ule mara tatu. Nikaona tena viganja vyangu vimekamata kile kichwa. Tungefaulu siku ile, tungeng'oa, tungempongeza mama, na labda tungemuua mtoto bila kujua tumemuua.

Tulimpeleka hospitali ya mkoa, Kitete, mimi na Bi Tausi. Daktari mmoja mtu mzima aliweka kipimo kifuani kwa Zuhura, akafumba macho akisikiliza kwa muda mrefu hadi mtoto akaanza kumpapasa ndevu. Kuna sauti isiyo ya kawaida, akasema, inaelekea ni tundu dogo. Apelekwe Mwanza wakathibitishe, na jino lisiguswe bila dawa ya kinga saa moja kabla. Mwanza walikwenda baadaye na ikawa kweli, tundu dogo. Tukitoka pale Bi Tausi alikaa kwenye ngazi. "Miaka tisa," alisema. "Namkimbiza akicheza, nasema mvivu huyu, anachoka upesi. Kumbe moyo." Nikakaa naye. Zuhura aliokota majani ya mti uani na kutuletea mapajani, moja moja, kama anatuandalia chakula.

Kufikia hapo alikuwa ananiruhusu kutazama. Tuliketi mimi na mama yake tukielekeana, magoti yakigusana, Zuhura akilala katikati, kichwa mapajani kwangu na miguu kwa mama. Mswaki aliupenda kwa sababu haukuwa chuma. Siku ya kwanza niliyofanikiwa kuona meno yote ya chini, niliona mapengo mawili mahali pa machonge, kulia na kushoto, yamelingana. Nilifurahi kama mwanafunzi aliyekutana na swali alilolisoma jana. "Ndiyo haya," nikamwambia Bi Tausi. "Hayakuota kabisa, kama mwalimu alivyoandika." Nikaendelea kueleza, nikapitisha kidole juu ya fizi ili nimwonyeshe, na kidole kikakuta kovu. Kovu refu, gumu, pande zote mbili. Bi Tausi alimwinua Zuhura, akampa kata ya maji. "Mpelekee baba," akamwambia. Alisubiri hadi mtoto alipopotea kwenye korido.

"Hayo yaliota," alisema. "Yaani yalikuwa yanataka kuota." Zuhura alikuwa na miezi minane, homa haishuki, anaharisha. Mama mkwe akasema ni meno ya plastiki. Sisi tuliosomea afya tunajua kwamba hakuna kitu kama hicho, ni machipukizi ya meno ya kawaida yanayoonekana meupe chini ya fizi. Lakini wengi waliamini kwamba ndiyo yanayoua watoto, na walikuwapo watu wa kuyachimba. Sudi alikuwa amesafiri kupeleka milango Kigoma. Wakaenda kwa mwanamke mmoja, naye akachimba kwa spoku ya baiskeli iliyonolewa, Bi Tausi mwenyewe akiwa amemshika mtoto. "Mkwe akaniambia tusimwambie baba yake. Sijamwambia hadi leo. Na ile siku kule kwenu, alipoona chuma, mimi nilijua anacholilia. Nyie ndio hamkujua." Alichukua sahani za michembe akaanza kuziosha ingawa zilikuwa safi. Nikachukua kitambaa nikawa nazifuta.

Nilimweleza Tabibu Mihayo kuhusu barua na moyo, lakini sikumwambia kuhusu makovu. Alisoma barua yote amesimama dirishani. Kisha akauliza, "Sasa tunafanyaje?" Ilikuwa mara ya kwanza kunijumuisha katika swali lolote. Wazo, hata hivyo, halikutoka kwake wala kwangu. Bi Tausi alikuwa na gego bovu alilolivumilia miaka mingi kwa karafuu na chumvi. "Ning'oeni mimi kwanza," alisema, "na yeye aone." Baadaye alikiri kwamba aliogopa koleo kuliko kujifungua. Basi Alhamisi moja, baada ya wagonjwa wote kuondoka, Bi Tausi alipanda kwenye kiti, na Zuhura akasimama pembeni ameshika kioo. Tabibu Mihayo alifanya kila kitu polepole, akimwonyesha mtoto kila kifaa kabla ya kukitumia. Sindano ilipoingia Bi Tausi alikunja vidole vya miguu lakini uso haukubadilika. Jino lilipotoka Zuhura aliomba kulishika. Alilitazama, akautazama mdomo wa mama yake, akampapasa shavu kwa muda mrefu.

Wiki iliyofuata ilikuwa zamu yake. Alikuwa amekwisha kumeza dawa ya kinga saa moja kabla. Mama alilala kwenye kiti, na Zuhura akalala juu yake, mgongo wake kwenye kifua cha mama, mikono ya mama ikiwa imemzunguka bila kumbana. Hakuna aliyeshika kichwa. Tulikuwa na magego mawili ya kung'oa. La kwanza lilitoka vizuri, usaha ukafuata, na Zuhura akalia kilio cha kawaida cha mtoto anayeumia, si ule ukelele wa siku ya kwanza. Tulipotaka kuendelea na la pili alifunga mdomo na kutikisa kichwa. Tabibu Mihayo aliweka koleo chini. "Amekataa," alisema. "Leo basi." Najua matabibu ambao wangeona tumeshindwa. Mimi nilimwona mtu wa miaka hamsini na kitu akijifunza mbele ya macho yangu, na hakuwa anaona haya. Jino la pili lilitoka miezi miwili baadaye, na kufikia hapo Bi Tausi alikuwa ameshatuletea mama mwingine kutoka Cheyo, mwenye mtoto wa kiume wa aina hiyohiyo, na yule naye akaleta wa tatu. Tukawatengea Alhamisi alasiri. Mwisho wa mwaka nikahamishiwa Urambo, na Tabibu akaendelea nao hadi alipostaafu.

Hayo ndiyo niliyokuwa nawaza pale uani. Wanaume waliporudi kutoka makaburini na watu kuanza kupungua, Mzee Sudi aliniita karakanani. Amezeeka, lakini bado anafanya kazi. Mlango mmoja ulikuwa umeegemezwa ukutani haujapigwa msasa.

"Shikamoo mzee. Pole sana."

"Marahaba, mwanangu. Nimekwishapoa." Alinisogezea benchi, akabaki amesimama. "Tausi aliwahi kukuambia habari ya fizi za mtoto? Zile alama?"

Nikasita. Miaka yote ile ilikuwa siri ya mgonjwa na pia siri ya rafiki. Aliona ninavyosita, akaitikia kwa kichwa.

"Basi alikuambia. Mimi hakuniambia. Lakini nilijua." Alipitisha kiganja kwenye ubao kana kwamba anatafuta mahali pabaya. "Mama yangu aliniuliza kabla sijapanda treni ya Kigoma. Nikamwambia fanyeni. Mtoto alikuwa anatuishia. Niliporudi nikamkuta Tausi ana sura ya mtu mwenye hatia, mama akanikonyeza ninyamaze, nami nikanyamaza. Kila mwaka nilisema nitamwambia. Amekufa anadhani alifanya mwenyewe, bila mimi kujua."

Nilimfikiria Bi Tausi akiosha sahani safi. Nilimfikiria na huyu, akipiga randa mbele ya nyumba huku mambo yake yakizungumzwa uani, hatua ishirini kutoka alipo. Sikumwambia kwamba si kitu, kwa sababu ilikuwa kitu. Nilimuuliza tu ni nani anampiga Zuhura mswaki sasa.

"Ni mama yake siku zote," alisema. "Anajipiga mwenyewe asubuhi, lakini jioni ni mama yake. Tangu Tausi alazwe hakuna aliyempiga. Mimi sikuwahi." Akafuta mikono kwenye shati. "Nionyeshe."

Tukatandika mkeka palepale kwenye maranda ya mbao. Nilimwita Zuhura, akaja na mswaki wake, akatutazama kwa zamu, mimi na baba yake. Nikaketi nikielekeana na mzee, magoti yetu yakigusana, kisha nikabadilisha mpangilio wa zamani: kichwa cha Zuhura mapajani kwake, miguu kwangu. Fizi za kulia zilikuwa nzuri, za kushoto zinavuja damu kidogo, matokeo ya wiki tatu alizolazwa mama yake hospitalini. Nikamwonyesha jinsi ya kuinamisha mswaki na kuuzungusha taratibu, na kwamba asiogope damu, ataacha kuiona baada ya siku chache. Alishika mswaki kama anavyoshika patasi, kwa vidole vyote. Alipofika kwenye meno ya chini, pale kwenye pengo, mkono ulisimama. Zuhura hakufunga mdomo. Alimtazama baba yake kutoka chini, akangoja, na mzee akaendelea.